Nimetuma riwaya kwa mawakala wa London na New York, wiki ya 12 hii kimya. Nikumbushie au nitulie?

Karani wa Mizani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba wanaoijua hii njia wanisaidie, na wenye utani nao karibuni, ila msinimalize.

Nimeandika riwaya kwa Kiingereza, maneno 91,000. Inahusu karani wa chama cha msingi kule Mtwara anayepima korosho za wakulima, na mzani wenyewe una siri. Imenichukua miaka minne, usiku usiku, mchana nikiwa kazini. Kwa kuwa ni ya Kiingereza na nataka isomwe nje, nimepitia njia ya mawakala wa waandishi. Kwa asiyewajua: ni watu wa kati wanaopeleka kazi yako kwa wachapishaji, wanakupigania kwenye mkataba, kisha wanakata kamisheni, mara nyingi asilimia 15 kwa soko la nyumbani kwao na 20 kwa haki za nje na tafsiri. Wachapishaji wengi wakubwa wa Uingereza na Marekani hawapokei mswada moja kwa moja kutoka kwa mwandishi.

Nilituma sura tatu za mwanzo kwa tisa, sita London na watatu New York, wote tarehe 4 Novemba. Hali ilivyo leo:

Wawili wamekataa, barua ile ile ya kunakili, "haikunigusa vya kutosha". Sawa. Mmoja wa London aliomba mswada mzima, nikamtumia tarehe 25 Novemba, siku hiyo nilinunua soda kreti nzima kwa ajili ya majirani. Tangu hapo kimya, wiki ya tisa hii. Sita waliobaki hata "tumepokea" ya mkono wa binadamu sijaiona.

Mimi nimekulia kwenye ofisi za kwetu. Faili lisipofuatiliwa halitoki mezani, hilo tunalijua wote. Unaenda Jumatatu unaambiwa njoo Alhamisi, unaenda Alhamisi unaambiwa mhusika yuko semina, lakini wanakuzoea sura na siku moja wanakugongea muhuri ili usirudi. Sasa London siwezi kwenda kukaa kwenye benchi. Nifanyeje?

Mlamba Wino

Mvumilivu hula mbivu, mkuu.

Karani wa Mizani

Mbivu nyingine huozea mtini, mkuu. Nimelima korosho, nakwambia kitu ninachokijua.

Chumvi ya Pangani

Piga simu. Namba zao zipo kwenye tovuti. Mzungu ukimpigia anaogopa, anakushughulikia chap.

Dada wa Leeds

Asipige simu hata kidogo! Karani, usimsikilize huyo.

Nimefanya kazi ya muda kwenye ofisi ya wakala London, miezi saba, kazi yangu ilikuwa kusoma zile zinazoingia bila kuombwa. Acha niwape picha ya ndani maana watu wanadhani wakala anakaa mezani anasoma maombi yetu kuanzia asubuhi.

Mchana wa wakala ni wa waandishi ambao tayari ni wake. Mkataba wa huyu una kifungu kibaya, jalada la yule mwandishi halitaki, mwingine malipo yake yamechelewa kwa mchapishaji, mwingine analia kwenye simu kwa sababu sura ya 14 imekataa. Hao ndio wanaomlisha. Maombi mapya yanasomwa usiku, wikiendi, kwenye treni. Kwa mwaka yanaingia maelfu, na wakala mmoja anaweza kuchukua waandishi wapya wawili au watatu tu. Kwa hiyo kimya cha wiki 12 hakina maana yoyote kuhusu kazi yako. Inawezekana haijafunguliwa kabisa.

Simu ikipigwa ilikuwa inapokelewa na mimi au mwenzangu, na jibu tulilofundishwa lilikuwa moja: tafadhali fuata maelekezo ya kwenye tovuti. Wakala mwenyewe hapati hata habari kwamba ulipiga.

Sasa swali langu. Wale sita wa kimya, kila mmoja tovuti yake inasemaje kuhusu muda wa kujibu? Hapo ndipo jibu lako lilipo, maana kila ofisi ina sheria yake.

Karani wa Mizani

Dada asante. Nimerudi kusoma upya, na naona aibu, nilisoma sehemu ya "jinsi ya kutuma" nikaishia hapo.

London wapo wanne wa kimya. Wawili wameandika kwamba usipowasikia ndani ya wiki 12 hesabu wamekataa. Mmoja anasema wanajibu kila mtu, na ikipita wiki 8 unakaribishwa kukumbushia. Mmoja hajasema chochote. New York wawili: mmoja ameandika waziwazi kutojibu ni kukataa, mwingine nilijaza fomu ya QueryManager, ule mfumo wa mtandaoni wa kupokea maombi ya waandishi.

Dada wa Leeds

Haya, umeshajijibu nusu.

Wale wawili wa wiki 12 na yule wa New York wa "kutojibu ni kukataa", waache. Weka mstari. Ukiwakumbushia unawaonyesha kitu kimoja tu, kwamba hukusoma walichoandika.

Wa QueryManager, tafuta kwenye baruapepe yako ujumbe wa kuthibitisha kwamba fomu imepokelewa. Mle ndani kuna linki ya kuangalia hali ya ombi lako. Ibofye, itakuonyesha kama bado liko kwenye foleni au limefungwa. Hakuna haja ya kumwandikia mtu.

Aliyekaribisha kukumbushia baada ya wiki 8, mwandikie kesho. Ambaye hajasema chochote, wiki 12 zimetosha, mwandikie mara moja na usirudie.

Aliyeomba mswada mzima ni habari nyingine kabisa. Huyo alikuita ndani. Mna uhusiano hata kama ni mwembamba, na kumuulizia baada ya miezi miwili hadi mitatu ni kawaida, hakuna atakayekuona msumbufu. Wengi wanaoogopa kuulizia ndio wanaoshangaa baadaye kwamba faili halikufunguka au liliangukia kwenye barua taka.

Mwana wa Kisauni

Mimi niko Mombasa na nimefuatilia huu uzi nikacheka peke yangu kwenye matatu. Hapa kwetu ukiandika kwa Kiswahili hakuna habari ya wakala. Unapeleka mswada kwa mchapishaji mwenyewe, na mchapishaji akili yake yote iko kwa vitabu vya shule kwa sababu huko ndiko mauzo yalipo. Nilipeleka diwani yangu, nikaambiwa nisubiri. Nilingoja miaka miwili. Nilipokwenda kuulizia, mhariri aliyepokea alikuwa ameshaacha kazi na hakuna aliyejua diwani iko wapi. Kwa hivyo usione wiki 12 ni nyingi, ndugu yangu.

Ila na mimi nauliza, kwa nini usiandike kwa Kiswahili ukapeleka kwa tuzo? Iko ile ya Safal-Cornell, ilianzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, wanapokea miswada. Na nyinyi Bongo mna Tuzo ya Mwalimu Nyerere.

Karani wa Mizani

Kaka, hilo nimelifikiria sana na sina jibu la heshima. Hii hadithi ilinijia kwa Kiingereza kwa sababu karani wangu anaandika ripoti kwa Kiingereza kibovu na ucheshi wote uko hapo. Nikiigeuza inakufa. Kitabu kinachofuata nimekianza kwa Kiswahili.

Kobe Hana Haraka

Mwenye kutaka wakala bila kuhangaika ani-PM. Nina mtu wangu yuko Marekani anachukua dola 300 tu kusoma mswada na jibu ndani ya siku 5. Tayari ameshawatoa watu.

Mlamba Wino

Ameshawatoa wapi, kwenye akaunti?

Dada wa Leeds

Wakala wa kweli analipwa kitabu kikiuzwa, hapo ndipo anakata asilimia yake. Anayeomba pesa ili asome, hata dola 10, kimbia. Na jibu ndani ya siku 5 kwa riwaya nzima kutoka kwa mtu asiyekujua, hiyo peke yake ingetosha kukustua. Kuna tovuti ya Writer Beware inayofuatilia matapeli wa namna hii kwa miaka mingi, tafuta jina lolote humo kabla hujatuma kitu.

Kobe Hana Haraka

Wivu tu. Endeleeni kusubiri.

Chumvi ya Pangani

Basi simu hapana, sawa. Nina mbinu nyingine. Huyo mwenye mswada mzima mwambie umepata ofa kwa wakala mwingine. Uone kama hatasoma usiku huo huo.

Dada wa Leeds

Chumvi wewe ni hatari.

Ni kweli ofa inaharakisha mambo, na hilo ndilo kumbushio lenye nguvu kuliko yote. Utaratibu ni kwamba mtu akikupa ofa ya kukuwakilisha, humjibu palepale. Unaomba muda, kawaida wiki mbili, unawaandikia wote wenye mswada wako mzima, na hata wale wenye sura tatu ambao hawajajibu, unawaambia: nina ofa, nitatoa uamuzi tarehe fulani. Hapo utaona waliokuwa kimya miezi mitatu wanajibu kabla ya chakula cha mchana.

Lakini ya uongo? Kwanza anaweza kukuuliza ni nani amekupa ofa, na ulimwengu wao ni mdogo, wanakula pamoja. Pili, na hili ndilo watu hawalifikirii, wengi wakisikia una ofa na hawana nafasi ya kusoma haraka wanakuandikia "hongera, nakutakia heri" na wanajitoa. Umejifungia mlango mwenyewe kwa ufunguo ambao haupo.

Karani wa Mizani

Hapana, sidanganyi. Karani wa riwaya yangu alianza hivyo hivyo kwenye mzani.

Nimeandaa rasimu ya kumwandikia yule mwenye mswada mzima. Ya kweli ni kwa Kiingereza, hapa nimeigeuza ili wote tuione. Nipigeni.

"Mheshimiwa sana, natumaini baruapepe hii itakukuta ukiwa mzima wa afya njema pamoja na familia yako na ofisi yako kwa ujumla. Mimi huku sijambo, naendelea vema na majukumu. Dhumuni kubwa la kukuandikia ni kukukumbusha kwa unyenyekevu mkubwa kwamba mnamo tarehe 25 Novemba nilikutumia mswada wangu. Natambua wewe ni mtu mwenye majukumu mengi na mazito. Endapo kuna kasoro yoyote uliyoiona, nipo tayari kuirekebisha mara moja kadiri utakavyoelekeza. Nitashukuru sana endapo suala langu litapewa kipaumbele. Nakutakia utekelezaji mwema. Wako mtiifu."

Mlamba Wino

"Nakutakia utekelezaji mwema" 😂😂 Mkuu umemwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri.

Bibi Karafuu

Mimi ni mwalimu mstaafu, Unguja. Mwanangu, barua hii nimeisahihisha kwenye madaftari ya watoto miaka thelathini. Imekosa "salamu nyingi kama mchanga wa bahari" tu ikamilike.

Adabu yako naiona na ni nzuri, wala usiione haya. Kwetu mtu huingii kwa mtu ukaanza na shida yako, lazima hodi, lazima hujambo, watoto hawajambo. Lakini huyo bibi wa London adabu kwake ni kutomaliziwa wakati. Ukimrefushia anaona unampa kazi ya kusoma kabla ya kazi.

Na hilo la "nipo tayari kurekebisha kadiri utakavyoelekeza", litoe. Hajakwambia kuna kasoro. Wewe ndiye umempelekea kasoro kwenye sahani.

Dada wa Leeds

Shikamoo Bibi. Umesema yote.

Naongeza ya ufundi. Usianzishe baruapepe mpya. Jibu ndani ya ile ile aliyokuomba mswada, ili maneno yake mwenyewe yaonekane chini na asilazimike kutafuta wewe ni nani. Anasoma wengi. Usiambatanishe mswada tena isipokuwa akiuomba. Na usimpelekee toleo jipya "nililoboresha", hilo ni kosa kubwa kuliko yote, maana kama alikuwa ukurasa wa 150 umemwambia aanze upya, na wengi hawaanzi.

Bibi Karafuu

Marahaba mwanangu.

Karani wa Mizani

Nimeelewa. Hii hapa ya pili:

"Mpendwa Bi (jina lake la ukoo), nilikutumia mswada mzima wa riwaya yangu tarehe 25 Novemba, baada ya wewe kuuomba. Naulizia kama ulikufikia salama, na kama bado unausoma. Ukihitaji muda zaidi ni sawa kwangu. Asante kwa kuusoma."

Nilikuwa nimeweka "sina haraka" nikaifuta. Ningekuwa namdanganya.

Mwana wa Kisauni

Hiyo sasa. Mistari minne. Tuma.

Mlamba Wino

Tuma Jumanne asubuhi ya kwao. Ijumaa jioni wanafunga kompyuta.

Dada wa Leeds

Siku haina tofauti kubwa kiasi hicho. Majira ndiyo yana tofauti. Agosti nusu ya watu hawapo. Oktoba wako Frankfurt kwenye maonyesho ya vitabu, Machi kuna ya London, na wiki kadhaa kabla ya hapo wanaandaa orodha za haki za kuuza, hawasomi kitu kipya. Desemba ofisi nyingi zinafunga mlango wa kupokea. Karani wewe ulituma Novemba, yaani wiki nne katika zako 12 zimeliwa na Krismasi. Sasa ni mwisho wa Januari, ni wakati mzuri, kabla hawajaanza kukimbizana na Machi. Tuma.

Chumvi ya Pangani

Nina swali la kweli safari hii, sitanii. Tangu Gurnah, mwandishi mzaliwa wa Zanzibar, apate Nobel ya Fasihi 2021, si wanatafuta Waswahili? Huyu si wa kukumbushia, ni wa kugombaniwa.

Bibi Karafuu

Gurnah tunamuona leo na Nobel yake. Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa 1987. Hesabu mwenyewe hapo miaka mingapi.

Chumvi ya Pangani

34. Nimenyamaza Bibi.

Karani wa Mizani

MREJESHO, wiki mbili na nusu baadaye. Samahani kwa kuchelewa, msimu wa malipo ya wakulima ulinikamata.

Nilituma tatu. Mbili kwa wale wa sura tatu, na ile ya mistari minne.

Wa "wiki 8" alijibu siku iliyofuata. Amekataa. Lakini safari hii kuna mistari miwili ya mkono: amesema sauti ya karani ameipenda sana, ila sura ya kwanza inachelewa kufika kwenye mzani. Nimeisoma sura ya kwanza upya. Mzani unatokea ukurasa wa 19. Mke wangu aliniambia hivyo hivyo mwaka juzi, nikamwambia hajui fasihi. Amekumbuka hata siku.

Ambaye tovuti yake haikusema chochote, imerudi barua ya kujiendesha yenyewe: yuko likizo ya uzazi tangu Oktoba. Yaani nilimtumia akiwa tayari hayupo. Wiki 12 nilikuwa nanung'unikia mtu aliyekuwa anabadilisha nepi.

QueryManager nimeingia kwenye ile linki. Bado niko kwenye foleni.

Na yule wa mswada mzima. Siku sita kimya, ya saba nikaamka saa 11 alfajiri nikaikuta, aliandika usiku. Anaomba radhi. Anasema yuko ukurasa wa 112, amelazimika kusimama kwa sababu ya maandalizi ya maonyesho ya Machi, na ameniomba kitu kimoja: nimwambie kabla kama kuna mtu mwingine atanipa ofa. Mwisho ameuliza mzani wa aina hiyo bado unatumika au ni wa zamani.

Dada wa Leeds, hiyo ina maana gani? Usinipambe.

Dada wa Leeds

Sikupambi. Kukuomba umwambie ukipata ofa ni kawaida, wengi huandika hivyo. Ukurasa wa 112 kati ya mia tatu na kitu ni zaidi ya adabu, kwa sababu mtu asiyetaka huacha ukurasa wa 30. Anaweza bado kukataa, nimeona ikitokea ukurasa wa mwisho kabisa.

Ila swali la mzani, hilo hakulazimika kuuliza. Umejibu?

Karani wa Mizani

Nimejibu mistari mitatu. Kwamba ile ya mawe bado ipo vijijini ingawa ya kidijitali imeingia, na kwamba nina picha ya mmoja akitaka. Nilikuwa nimeandika aya nne kuhusu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia maghala, Bibi Karafuu akanijia kichwani, nikafuta.

Bibi Karafuu

😄 Ahsante. Na sura ya kwanza?

Karani wa Mizani

Nimeikata. Mzani sasa uko ukurasa wa 4. Hilo toleo nimeliweka kwa ajili ya wengine watano nitakaowatumia wiki hii. Huyu wa ukurasa wa 112 simpelekei, nimeelewa somo. Na maelekezo ya hao watano nimeyasoma mpaka chini, nimeyaweka kwenye jedwali la Excel: tarehe ya kutuma, muda wao wa kujibu, wanaruhusu kukumbushia au hapana. Nimelipaka rangi kama daftari la mizani.

Mwana wa Kisauni

Na ile ya Kiswahili uliyosema umeianza?

Karani wa Mizani

Ukurasa wa 41.

Mlamba Wino

Nimeweka alama kwenye uzi, niko siti ya nyuma na karanga zangu. Aprili usipotokea tunakukumbushia.